Fundi Koti Asoma Chati

Kwanza ieleweke kwamba hakuna aliyemlazimisha. Fundi Koti mwenyewe ndiye anayesisitiza hivyo kila anapokisimulia kisa hiki, na siku hizi anakisimulia kwa yeyote anayekuja kupimwa suruali, akiwa amepiga magoti na pini mdomoni, mteja hana pa kukimbilia. Ukimwambia, "Lakini fundi, si kinyozi ndiye aliyekuponza?" anatikisa kichwa. Anasema kinyozi alimwonyesha simu tu. Kuvimba kichwa alivimba mwenyewe, tena bila msaada.

Duka la kinyozi lilitazamana na la kwake, katikati barabara nyembamba tu. Mchana mmoja ambao hakuna nywele wala nguo iliyoletwa, kinyozi alivuka na simu yake mkononi. Kwenye kioo cha simu palikuwa na vijistari vya kijani na vyekundu, virefu kwa vifupi, vimesimama foleni kuelekea kulia.

"Hii ni bei ya dhahabu," kinyozi alisema. "Kila kijistari wanakiita mshumaa. Kinakuonyesha bei ilianzia wapi, ikapanda mpaka wapi, ikashuka mpaka wapi, ikaishia wapi. Mtu akijua kuisoma chati hii, anajua bei inaelekea wapi kabla haijafika. Watu wanakula hela hapa, kaka, wamekaa tu!"

Fundi Koti alivuta miwani mpaka nchani mwa pua, akatazama. Wala hakuona dhahabu. Aliona mtu.

"Huyu bega lake la kulia limeanguka," alisema.

"Nani?"

"Huyu hapa. Hiki kichwa, hili bega la kushoto, na hili la kulia, liko chini kidogo. Koti lake ungelitilia sponji upande mmoja, la sivyo angeonekana kama amebeba ndoo."

Kinyozi macho yakamtoka. "Kaka! Unajua kuna watu wamesoma mwaka mzima na hilo hawalioni? Na linaitwa hivyohivyo, kichwa na mabega! Likishatokea hilo, bei inaporomoka!"

Jioni ile bei iliporomoka. Ingekuwa heri ingepanda, Fundi Koti angerudi kwenye pindo zake kwa amani. Lakini iliporomoka, na yeye akalala na uso wa mtu aliyepata barua kutoka ikulu. Miaka ishirini na tatu amepima mabega ya watu kwa hela ya kununulia uzi, kumbe alikuwa na kipaji cha kimataifa!

Basi akaanza kusoma. Na alisoma hasa, hilo hakuna wa kumnyima. Alichukua zile karatasi za kahawia za kukatia ruwaza, akaanza kunakili chati za dhahabu kwa chaki, na mistari yake akaipiga kwa ile rula iliyopinda ya kukatia makwapa. Kinyozi alimfundisha sakafu, yaani pale bei inapofika chini na kudunda, na dari, pale inapofika juu na kugeuka. Alimfundisha mstari wa wastani unaopita katikati ya fujo zote na kukuonyesha safari inaelekea wapi. Fundi Koti akajaza ukuta mzima. Mama mmoja aliyekuja kuchagua mtindo wa gauni alielekeza kidole kwenye wiki mbili za dhahabu, akauliza hilo la mwisho lina marinda mangapi.

Akafungua na akaunti ya mazoezi, ile ambayo hela zake ni za bandia, unajifunzia tu. Kwa hela zile za bandia alitajirika vibaya sana. Baada ya miezi minane angeweza kuununua mtaa wote, kinyozi akiwemo. Wakati huohuo, kwenye dunia yenye hela za kweli, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alichukua suruali yake asubuhi, akarudi nayo saa sita ameivaa, mguu mmoja unafagia barabara na mwingine unapunga upepo.

"Fundi, una matatizo nyumbani?" mwalimu mkuu aliuliza kwa upole.

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa nasoma."

Na nyumbani matatizo hayakuwepo kweli. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na moja sasa, anafua mashuka ya wodi. Alitoka saa kumi jioni, akapitia dukani kabla ya kwenda nyumbani, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, akavua viatu. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji ya dawa. Watoto walikuwa bado shuleni, kwa hiyo ule ulikuwa muda wao wawili. Na muda ule wote, jioni baada ya jioni, Fundi Koti aliujaza mishumaa.

"Tazama huu," alisema akigonga ukutani kwa rula. "Mwili mdogo, mkia mrefu chini. Unajua maana yake? Wauzaji wameisukuma bei chini, wanunuzi wakaikataa, wakairudisha juu!"

"Wakairudisha," mkewe aliitikia, akijikanda vidole.

"Sasa kesho yake ukitokea mshumaa wa kijani mrefu, hapo unaingia."

"Na ukitokea mwekundu?"

"Huingii."

"Basi leo usiingie, mume wangu, twende tukale."

Kumbe mkewe naye alikuwa na hesabu zake, na hazikuhitaji rula. Kwa miaka minne alikuwa akiweka akiba ya ovaloki, ile mashine inayokata na kufunga kingo za nguo kwa mkupuo mmoja. Duka lenye ovaloki linaweza kupokea sare za shule nzima. Siku itakapoingia ovaloki, yeye angeacha udobi, akae na mumewe dukani washone wote wawili. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na alilitamka mara moja tu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kulishtua. Fundi mmoja mzee, mwanamke, alikuwa anastaafu na kuuza ya kwake. Walikubaliana mwisho wa mwezi.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alimkabidhi mumewe bahasha. "Iweke kwenye akaunti ya duka. Yule mama atalipwa kutoka hapo." Halafu akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. "Humu mna mgongo wangu, baba watoto."

"Najua, mke wangu," Fundi Koti alisema. Anapofika hapa katika masimulizi hutoa pini mdomoni kabisa. Alisema anajua! Yaani alithubutu kufungua kinywa akasema anajua.

Hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalomkera zaidi, maana angekuwa mwizi angekuwa na akili kidogo. Alijiambia wiki mbili hela imekaa tu, na dhahabu imesimama juu ya sakafu, inataka kudunda, kila kitu ukutani kinasema hivyo. Aiweke mara moja, ipande kidogo, aitoe, anunue ovaloki pamoja na meza mpya ya kukatia, amshangaze mkewe. Alimwona kabisa mkewe anavyoshika mdomo kwa furaha. Jumanne saa nne asubuhi alifunga mlango nusu, akatuma hela yote kwa dalali wa mtandaoni, akanunua dhahabu ya thamani mara nyingi ya hela ile, kwa mkopo wa dalali huyohuyo.

Kanuni aliijua. Ilikuwa ukutani, kwa chaki, kwa mwandiko wake: WEKA KIKOMO, BEI IKIGUSA TOKA, USIULIZE. Kikomo ni pale unapokubali kwamba umekosea. Unakiweka chini ya bei uliyonunulia, na bei ikishuka mpaka hapo biashara inajifunga yenyewe, unakula hasara ndogo, unakwenda zako. Alikiweka vizuri tu, chini kidogo ya sakafu. Hasara yake ingekuwa ndogo, ya kufidiwa kwa mashati mawili matatu.

Jumatano bei ikaanza kushuka. Ikashuka mpaka ikabakiza unywele kugusa kikomo. Fundi Koti alikuwa na suruali ya mtu mezani, anafumua kiuno, na hapo ndipo mikono yake ilipomsaliti.

Kwa maana fundi mzuri hashoni suruali mpaka ukingoni. Anaacha akiba ndani ya mshono, vidole viwili, kwa kuwa anajua mteja ataongezeka. Mteja akirudi na tumbo, humwambii toka. Unafumua, unaachia kidogo, unashona tena, na mteja anakushukuru. Miaka ishirini na tatu Fundi Koti hajamrudisha mteja hata mmoja kwa sababu ya kiuno. Sasa dhahabu nayo imekuja, imebanwa, haipumui. Utaifukuza? Akashika simu, akakishusha kikomo vidole viwili. Alijisikia vizuri kabisa, kama aliyefanya kazi kwa ustadi.

Alhamisi asubuhi bei ilikijia kile kikomo kipya. Akaachia tena. Alhamisi jioni akaachia tena. Kila mara alichora mstari mpya ukutani na kuuita sakafu, mpaka sakafu zikawa nne, moja chini ya nyingine. Mkewe alipopitia saa kumi alimkuta kimya, na akashangaa.

"Leo hakuna mishumaa?"

"Ipo," Fundi Koti alisema. "Imechoka tu."

Ijumaa saa tano kinyozi alivuka barabara akitafuna mswaki wake, akatazama ukuta, akaacha kutafuna.

"Kikomo chako kiko wapi?"

"Nimekiachia kidogo."

"Kukiachia vipi?"

"Si unajua. Ilikuwa inabana."

"Kaka, kikomo hakiachiwi! Kikomo ni kikomo! Umeingiza kiasi gani, halafu za bandia au za kweli?"

Fundi Koti akamwambia. Kinyozi akakaa kwenye ile stuli ya mke wa fundi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe siku kama hizi unafanyaje?" Fundi Koti aliuliza. "Hela zako ukiona zinateketea, unafanyaje?"

"Hela zangu?" Kinyozi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi natumia akaunti ya mazoezi. Mwaka wa tatu huu. Hela yangu halisi niitupe huko, mimi nina wazimu?"

Fundi Koti alijaribu kucheka, ikatoka sauti ambayo hata yeye hakuijua. Saa saba na dakika kumi simu ililia mara moja. Dalali alikuwa amefunga biashara mwenyewe, kwa sababu hela iliyobaki haikutosha tena kuishikilia. Kilichobaki hakikufika hata robo ya bahasha. Na saa nane, wallahi, dhahabu ikadunda. Ikapanda, ikapita sakafu zote nne moja baada ya nyingine, ikapita pale alipoinunua, ikaendelea na safari zake kana kwamba ilikuwa inamsubiri ashuke tu. Kwa kusoma chati alikuwa amesoma sawasawa. Ungedhani hilo lingemfariji, lakini lilimchoma kuliko yote.

Alifuta ukuta kwa kitambaa cha bitana. Akaketi akingoja saa kumi.

Mkewe alikuja anacheka. Anacheka tangu nje, anamsalimia kinyozi kwa mbali, kinyozi anajifanya anafagia. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Nilitaka nikushtue," alisema. "Barua ya kuacha kazi nilipeleka Jumatatu. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Wenzangu wamechangishana, wamenipa hii." Alifungua gazeti. Ulikuwa mkasi wa kukatia, mpya, wa mpini mweusi. "Fundi mzima atakuwaje hana mkasi wake, wamesema."

Fundi Koti aliutazama ule mkasi. Angetoa chochote duniani, hata macho, usiwe pale mezani.

"Mke wangu, kaa. Unakumbuka nilikueleza habari ya sakafu? Sasa bei ilikuwa imekuja juu ya sakafu, na ule mstari wa wastani..."

Cheko likamtoka usoni taratibu. "Sitaki mstari," mkewe alisema. "Hela ipo au haipo?"

"Haipo."

"Yote?"

"Imebaki chini ya robo."

Hakupiga kelele. Fundi Koti alizitamani zile kelele. Mkewe alikaa kwenye stuli, viatu hakuvua.

"Ulijua lini kwamba imeharibika?"

"Jumatano."

"Ungetoka Jumatano, ungetoka na nini?"

"Karibu yote. Pungufu ya mashati mawili matatu tu."

"Kwa nini hukutoka?"

Alikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa na maneno ya kitaalamu. Likatoka la kweli. "Niliachia mshono," alisema. "Ilikuwa inabana, nikaachia. Mara tatu."

Mke wa fundi kwa miaka kumi na minne hahitaji kufafanuliwa jambo kama hilo. Alielewa palepale, na Fundi Koti aliona anavyoelewa, na aibu ile hajawahi kupata kipimo chake.

"Mteja akinenepa unamfumulia suruali yake," mkewe alisema polepole. "Hii uliyokuwa unafumua ilikuwa yangu."

"Ndiyo."

"Uliiweka humo bila kuniuliza, siku mbili unajua imeharibika, na mimi nikikaa hapahapa jioni unaniambia mishumaa imechoka."

"Ndiyo, mke wangu. Nimekukosea. Sina la kujitetea." Akaanza kulia, mwanamume mzima, tepu ikiwa shingoni. "Nitakwenda kwa msimamizi wako nimwombe akurudishe."

"Nani amekwambia nataka kurudi?"

Fundi Koti akaivua tepu shingoni.

"Nimefua miaka kumi na moja," mkewe alisema. "Nimeaga. Nimekumbatiwa na watu. Mimi kule sirudi, hata ovaloki iwe mbinguni. Kushona najua, pindo zako nimezimalizia tangu tuoane, na siku hizi miguu ya suruali nikiipima mimi inalingana." Alisimama, akachukua mkasi wake. "Lakini nafasi yangu iko wazi. Wanaanza saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu nenda wewe."

Fundi Koti akacheka kidogo kupitia machozi, akidhani ni utani. Alikuwa anacheka peke yake.

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro alisimama mbele ya msimamizi wa dobi, mama mnene mwenye funguo kiunoni, ambaye alimtazama toka viatuni mpaka kichwani.

"Wewe ndiye wa dhahabu?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Dhahabu yetu iko kwenye yale mapipa. Anza na ya wodi ya wazazi."

Alikaa kule miezi kumi na tatu, mpaka ovaloki ikatimia. Siri nyingi za udobi alizijua baadaye, lakini hiyo siku ya kwanza hakujua hata moja. Hakujua kwamba shuka likishalowa si shuka tena. Unaliinua kutoka kwenye maji kwa mikono miwili, na linakuvuta urudi nalo, na ukishalitoa hilo kuna mengine mia na arobaini. Hakujua dawa inavyoingia kwenye kidole kilichochomwa na sindano, na vidole vyake vyote vilikuwa vimechomwa na sindano. Kufikia saa nne mgongo ulikuwa umekataa. Kufikia saa saba alikuwa anajificha nyuma ya mashine ya kukaushia, anapumua. Wale wanawake walimwona, wakajifanya hawamwoni, na mmoja akampelekea maji ya kunywa bila kusema neno. Alifikiri, huyu alimchangia mke wangu mkasi. Akarudi kwenye mapipa.

Saa kumi alitoka. Hakwenda nyumbani moja kwa moja, alipitia dukani, akakaa kwenye stuli karibu na mlango kwa sababu miguu ilimpeleka hapo. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, amevaa miwani yake Fundi Koti, anashona sare ya mtoto wa mtu. Watoto walikuwa bado shuleni. Mkewe hakugeuka, na bado alikuwa amekasirika, mgongo wake ulionyesha. Hata hivyo aliuliza.

"Kazi ilikuwaje?"

Fundi Koti alifungua mdomo, alikuwa na mengi, akakwama. Alikuwa anatafuta ni lini yeye alimuuliza mkewe swali hilo. Alipitia miezi minane ya mishumaa, hakuliona. Akapitia mwaka mmoja kabla ya mishumaa, na mwingine, akijaribu kukumbuka jioni moja tu, hata moja, ambayo huyu mwanamke alikaa kwenye stuli hii na yeye akamuuliza. Miaka yote kumi na moja aliipitia, hakuiona jioni hiyo.

"Nzito," alisema mwishowe. "Mashuka ni mazito."

"Najua," mkewe alisema, na akaendelea kushona.